Nimechangiwa nauli niende kujitolea ng'ambo, sasa nasita

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ualimu, nina miaka 21. Chuo chetu kinamtaka kila mwanafunzi afanye mafunzo kwa vitendo ya wiki 10 kabla ya kuingia mwaka wa tatu. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tumeruhusiwa kuyafanyia nje ya nchi, kwa kujitolea shuleni na katika jamii zenye uhitaji. Niliomba nikapata, na siku ile nililia kwa furaha.

Mipango yote ya safari iko mikononi mwa wakala aliyeelewana na chuo. Malipo ya awali nimeshamlipa, na fedha hizo si zangu. Ndugu, majirani na waumini wenzetu walinichangia, kila mtu kwa uwezo wake. Wapo walionipa huku nikijua kabisa kwamba wao wenyewe hawana. Mama ametangaza kwa kila mtu kwamba binti yake anakwenda kusaidia watoto.

Ratiba ililetwa wiki mbili zilizopita, na tangu hapo sina raha. Asubuhi nitakuwa shule ya msingi, nifundishe hisabati na kusoma darasa la nne. Niliuliza nitafanya kazi na mwalimu gani, nikajibiwa kwamba nitashika darasa mwenyewe na "mwalimu wa darasa atapata nafasi ya kupumzika". Mimi sijawahi kufundisha darasa peke yangu hata siku moja, Shangazi. Na lugha ya watoto hao ninaijua kwenye salamu tu.

Kila siku mchana, kwa saa tatu, tutapelekwa kwenye kituo cha watoto yatima "kucheza nao na kuwapa upendo". Hakuna aliyetuomba cheti cha polisi wala barua ya mtu anayetufahamu. Walichotaka ni saizi ya fulana na picha ya pasipoti. Halafu tukaambiwa kwamba mpakani tukiulizwa tuseme tunatembea tu, kwa kuwa kibali cha kujitolea kinachelewa kutoka.

Ninayelala naye chumba kimoja naye anakwenda, na anaona ninaleta maneno. Kauli yake ni hii: "Watoto wale hawana mtu. Wiki kumi za upendo ni bora kuliko kukosa kabisa." Nimelala nikiitafakari kauli hiyo na sina jibu la kumpa.

Kazi ngumu siiogopi. Ninaogopa kwenda nikaharibu. Ninaogopa pia kubaki, nikaonekana nimekula michango ya watu. Safari ni baada ya wiki 9. Niende au niache?

Mwalimu Mtarajiwa

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye yale maneno kwamba mwalimu wa darasa atapata nafasi ya kupumzika. Mimi nimewahi kuwa huyo mwalimu anayepumzishwa. Kabla ya kuanza kujibu barua hizi nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 19, na shule yetu ilipokea wanafunzi wa vyuo kutoka nje karibu kila mwaka. Wawili kati yao wamebaki kichwani mwangu mpaka leo. Nitakusimulia habari zao kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lako imo humo.

Wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu, mwenye moyo safi, wa umri kama wako. Mwalimu mkuu aliniagiza nimwachie darasa la nne, mimi nikakae ofisini nijaze ripoti. Wiki saba zikapita. Watoto walimpenda mno, maana somo lake lilikuwa nyimbo na michezo, na kicheko chao kilikuwa kinanifikia ofisini. Azimio langu la kazi, yaani mpango wangu wa masomo, hakuliomba, na mimi nikaona haya kumpelekea, nisije nikaonekana ninamwonea wivu mgeni. Alipoondoka watoto walilia siku mbili. Siku ya tatu nikakusanya madaftari, nikakuta hesabu za sehemu, ambazo zilipaswa kuwa zimekwisha, hazijaguswa kabisa. Mtihani ulikuwa umebakiza mwezi mmoja. Nilifundisha kila siku baada ya vipindi hadi giza linakaribia, na ndani ya majuma hayo mtoto mmoja akanitazama akaniambia, "Mwalimu, wewe hujui kucheza." Yule mtoto hakuwa na kosa. Lakini nilipofika nyumbani nililia.

Kijana yule sikumlaumu, na leo pia simlaumu. Alipewa kazi ambayo kwao asingekabidhiwa. Kule kwao, mwanafunzi wa mwaka wa pili haachiwi darasa zima peke yake kwa wiki saba huku mwalimu mwenye cheti akijaza fomu. Kwa hiyo swali la kwanza ninalotaka ujiulize ni hili: kazi hii ningeruhusiwa kuifanya nchini kwangu, peke yangu, kwa elimu niliyo nayo leo? Jibu likiwa hapana, basi watoto wa nchi nyingine nao wana haki ya hapana hiyohiyo.

Wa pili alikuja baada ya miaka miwili. Alikuwa msichana mpole, na lugha yetu ilimshinda hasa. Wiki ya kwanza nzima alikaa nyuma ya darasa, kwenye dawati moja na mtoto ambaye hakuwa anasoma, akitazama na kuandika. Ijumaa akanijia akaniuliza, "Ni kitu gani kinachokuchosha zaidi?" Hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia ukweli: nina watoto 70, na wanane kati yao hawajui herufi. Kila siku ninawapita nikiwa ninawaona, kwa sababu nikiwasimamia hao wanane, 62 wanabaki wamekaa bure.

Aliwachukua wale wanane, wanne wanne, barazani mlangoni mwa darasa langu, mahali ninapomwona na yeye ananiona. Sauti za herufi nilimwandikia mimi. Alipotamka vibaya watoto walimsahihisha, na hapo pakatokea kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekipanga. Watoto waliozoea kuwa wa mwisho wakajikuta wanamfundisha mtu mzima. Alipoondoka, watano kati yao walikuwa wanasoma sentensi fupi. Aliniachia kadi za herufi alizokata kwenye maboksi, nikazitumia mpaka zikachakaa. Watoto walisikitika alipoondoka, lakini darasa halikuyumba, kwa sababu mwenye darasa nilikuwapo muda wote.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anapona pale mgeni anapoongeza mkono kwenye kazi ambayo tayari inaendelea. Akiuondoa mkono wa mwenyeji ili aweke wake, mwenyeji ataugua siku mgeni anapofunga mizigo.

Usidhani haya ni manung'uniko ya mwalimu mmoja. Mashirika makubwa ya kazi hii yamepita njia hiyohiyo. Shirika la VSO la Uingereza lilianza 1958 kwa kupeleka ng'ambo vijana waliotoka tu kumaliza sekondari, wakafundishe. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 lilikuwa limeacha kabisa kupeleka wasio na ujuzi, na muda wa kukaa ukawa umerefushwa hadi miaka miwili. Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa 1961, humtaka mtu wake wa kawaida akae miezi 27, na kama mitatu ya mwanzo ni ya mafunzo, lugha ikiwemo. Linganisha na wiki zako 10, ambazo mbili zitaliwa na kuzoea mahali. Sisemi wiki 10 ni bure. Yule msichana alikaa tisa. Ninachosema ni kwamba kwa wiki 10 mtu anaweza kuwa msaidizi mzuri sana wa mwalimu, lakini kuwa mwalimu wa darasa hawezi.

Aprili 1968, padri Ivan Illich alisimama mbele ya kundi la wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kujitolea vijijini Mexico, akawaambia waje kutazama milima na maua, waje kusoma, ila wasije kusaidia. Maneno makali. Mimi sikubaliani naye yote, kwa sababu niliona kwa macho yangu wale wanane barazani. Lakini alipowaambia kwamba nia njema haimpi mtu ruhusa ya kuingia maisha ya watu bila kuitwa, alisema kweli. Kwa hiyo kitu cha pili cha kutafuta ni nani aliyekuita. Je, shule hiyo imeomba mtu? Imeomba mtu wa nini? Mwalimu wa darasa la nne anajua kwamba unakuja? Wakala akishindwa kukutajia jina la mwalimu huyo, basi aliyekuita ni wakala mwenyewe.

Sasa nije kwenye kituo cha watoto yatima, na hapa nitakuwa mkali. Usiende. Hata kama mengine yote yatarekebishwa, hilo liache.

Mwenzako anasema watoto wale hawana mtu. Mara nyingi hilo si kweli. Mashirika ya haki za watoto yamekuwa yakikadiria kwa miaka mingi kwamba watoto wanne kati ya watano walio kwenye vituo vya namna hiyo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wengi wamefikishwa pale na umaskini: mzazi ameambiwa mwanawe atasoma na atakula, akakubali. Ndiyo maana miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Familia hiyo ilihitaji kusaidiwa imlee mtoto wake. Badala yake fedha zinamfuata mtoto alipo kituoni, na kituo kinachopokea wageni wanaolipa kinahitaji watoto wa kuonyeshwa. Nepal na Kambodia, watoto wenye wazazi wamekuwa wakichukuliwa vijijini na kuwekwa vituoni wageni wawaone. Mwaka 2017 bunge la Australia lilichunguza utumwa wa mambo leo, na biashara hii ya vituo ikawa moja ya mambo yaliyozungumzwa. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la haki za mtoto linalozitaka nchi zizuie madhara ya programu za kujitolea katika vituo vya yatima, utalii ukiwemo, kwa sababu zinaweza kuchochea usafirishaji na unyonyaji wa watoto.

Sisemi kituo mlichopangiwa ni cha wezi. Mimi sikijui, na wewe hukijui. Lakini kituo kinachomruhusu mtu asiyechunguzwa akae na watoto saa tatu kila siku kinanitia hofu, maana mlango uliofunguliwa kwako bila swali umefunguliwa kwa kila mtu, na wapo wanaotafuta milango ya namna hiyo kwa makusudi mabaya. Ungempeleka mdogo wako mahali ambapo wageni wapya huingia kila baada ya wiki 10 na hakuna anayejua walikotoka?

Na huo upendo wenyewe. Mtoto mdogo hujengwa na mtu anayerudi. Analia, mtu yuleyule anakuja. Kesho analia tena, anakuja tena. Kwa kurudiarudia huko mtoto anajifunza kwamba dunia inaweza kuaminika. Huko Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa vituoni. Nusu walipelekwa kwenye familia za malezi, na hao wakakua vizuri zaidi kuliko wenzao, hasa waliotolewa kituoni kabla ya kufikisha miaka miwili. Sasa mfikirie mtoto anayempokea dada mpya, anamzoea, anamganda, dada anaondoka. Anakuja mwingine, naye anaondoka. Utakapofika atakukimbilia na kukukumbatia siku ya kwanza kabisa, na wenzako watasema ana upendo mwingi. Mwanangu, mtoto mwenye watu wake hamrukii mgeni kifuani. Humkagua kwanza, akiwa amejificha nyuma ya mtu anayemwamini. Kukumbatia haraka namna ile kunaweza kuwa dalili ya jeraha, na wiki zako 10 zitaongeza kuaga kumoja zaidi.

Hilo ndilo jibu la kumpa mwenzako. Mwambie kwa upole, maana naye moyo wake ni mzuri.

Suala la mpakani nitalisema kwa ufupi kwa sababu halina utata. Usiseme uongo. Nchi nyingi hazimruhusu mwenye viza ya matembezi kufanya kazi, na kujitolea bila malipo mara nyingi huhesabiwa kuwa kazi. Ukibainika unaweza kurudishwa na ukazuiwa kuingia tena. Bima yako nayo inaweza kukataa kulipa ukiumia ukiwa kwenye shughuli usiyokuwa na kibali nayo. Halafu mtu anayekufundisha kumdanganya ofisa wa uhamiaji ndiye huyohuyo atakayekuwa mlezi wako ng'ambo utakapougua usiku. Wasiliana mwenyewe na ubalozi wa nchi hiyo, ueleze utakachofanya kama kilivyo, uulize kibali gani kinahitajika na kinachukua muda gani. Wiki 9 zinaweza kutosha, zinaweza zisitoshe. Zisipotosha, safari isogezwe.

Fedha za watu ndizo zinazokukosesha usingizi kuliko yote, nimeliona hilo. Waliokuchangia hawakununua tiketi. Walimsaidia binti wanayemjua aende akafanye jambo jema, na sasa umegundua kwamba jambo lenyewe, kama lilivyopangwa, lina kasoro. Wana haki ya kulisikia hilo kutoka kwako, mapema, kabla halijawafikia kwa njia nyingine. Anza na mama, mkiwa wawili tu. Mwambie kituo umekikataa na kwa nini, na kwamba unaomba shule irekebishwe. Baadaye waandikie wachangiaji ujumbe mmoja: umepata nini, umelipa nini, nini kimebaki, nini kinabadilika. Safari ikifa, kila mtu aulizwe kama anataka chake kirudi au anakubali kitumike kwenye mafunzo yako mahali pengine. Na kwa wale uliosema walikupa huku hawana, usiwaulize, warudishie. Malipo ya awali yadai kwa maandishi, ukitaja waziwazi kwamba ulielekezwa kusema uongo mpakani, na nakala ipelekwe chuoni. Mkataba usome kabla hujaandika, uone unasemaje juu ya kujitoa.

Sasa chuo. Usiende kulalamika kwa wenzako bwenini. Nenda kwa mkufunzi anayesimamia mafunzo kwa vitendo, ukiwa na ratiba mkononi. Mafunzo haya ni sehemu ya masomo yako, kwa hiyo lazima pawepo mwalimu wa kukuangalia ukifundisha na kukusahihisha. Ukishika darasa peke yako, nani atakutathmini? Mwulize hivyohivyo. Mwombe kituo kifutwe, siku nzima iwe ya shuleni, uwe chini ya mwalimu wa darasa, na cheti cha polisi kitakiwe kwa kila anayesafiri. Mwulize pia kalenda ya shule ile: wiki zenu 10 zinaangukia katikati ya muhula, kwenye mitihani, au likizo? Utashangaa ni safari ngapi hupangwa kwa kufuata likizo za chuo kinachotuma, bila kuangalia watoto wanaopokea wako wapi. Chuo kikikataa yote hayo, omba ufanye mafunzo nchini mwako mwaka huu. Utakuwa umesimama mbele ya darasa, umeshikwa mkono na mwalimu mzoefu, na mwaka ujao ukiitwa ng'ambo utakuwa na kitu cha kubeba.

Na kama watakubali, basi nenda mwanangu, kwa moyo wote. Nenda ukiwa na maneno angalau 200 ya lugha ya watoto hao. Anza leo, mtafute mtu anayeizungumza. Wiki ya kwanza kaa nyuma ya darasa. Picha za watoto usipige ukaweka mitandaoni. Watoto wa darasa la nne hawajui wanakubali nini, na wewe usingependa uso wa mdogo wako uzungushwe na watu wasiomjua kama kielelezo cha shida. Waambie watoto siku ya kwanza kwamba utaondoka, na uwaonyeshe kwenye kalenda ni lini. Kila unachotengeneza, kitengeneze pamoja na mwalimu, kwa vifaa anavyoweza kuvipata ukishaondoka.

Kabla ya yote hayo, tafuta anwani ya shule yenyewe, siyo ya wakala, umwandikie mwalimu mkuu. Ninakuwekea hapa rasimu, ibadilishe upendavyo:

"Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, mimi ni mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa pili, na nimepangiwa kufika shuleni kwenu kwa wiki 10. Bado ninajifunza na sijawahi kushika darasa peke yangu, kwa hiyo ninaomba niwe msaidizi wa mwalimu wa darasa la nne, darasani kwake, yeye akiwapo. Ningependa kujua kama shule iliomba mtu wa kujitolea, na ni kazi gani ambayo walimu wangefurahi kupata mkono wa ziada. Kama wakati huo si mzuri kwenu, tafadhali niambieni bila kusita, sitaona vibaya. Ninaomba pia salamu zangu zimfikie mwalimu wa darasa, na kama ana dakika chache, aniandikie ni kitu gani kinachomchosha zaidi."

Ipeleke wiki hii. Jibu likija, hata likiwa la hapana, niandikie.

Shangazi